Mhusika wa ngano hajitangazi, vitendo ndivyo humfichua

MTAMBAJI wa ngano hana muda wa kupoteza. Akishaita 'Paukwa!' na hadhira ikaitikia 'Pakawa!', humtoa mtu wake na kumtia kazini papo hapo: anachakura jaani, anachota maji kisimani, anavuka mto, anabisha hodi mlango wa mtu. Hatuambiwi anawaza nini akilala. Hatuelezwi alilelewa vipi, wala jinsi moyo wake unavyovutana na akili yake, kama ilivyo desturi ya riwaya. Tunaonyeshwa mkono wake tu, na mkono huo unafanya jambo.

Kwa sababu hiyo, wahakiki wengi wamezoea kusema kwamba wahusika wa ngano ni bapa. Mwema, wanatuambia, huwa mwema tangu mwanzo hadi mwisho. Mwovu naye huzaliwa mwovu na kufa mwovu. Vitabu vya kiada vinakariri hivyo, nao watahiniwa wanakariri vitabu. Dai hilo lina chembe ya ukweli, lakini limetuzoesha uvivu. Likishakubaliwa, kazi ya msomaji inabaki kumtafutia mhusika kivumishi kimoja, kumbandika nacho kama bei kwenye mfuko wa unga, kisha kuendelea na safari.

Hoja yangu leo ni kwamba ngano haifanyi kazi namna hiyo. Maelezo yake ndiyo bapa, kwa kuwa mtambaji amebana maneno. Mhusika mwenyewe hujengwa kwa vitendo, na kitendo kikisomwa vizuri kina kina chake. Tena ngano zetu bora haziamini kitendo kimoja. Hungoja mtu atende tena, hali yake ikiwa imebadilika, ndipo zitoe hukumu.

Swali kutoka Hewani

Nimechochewa kuandika haya na mwalimu mmoja wa Hewani, kule Garsen katika Kaunti ya Tana River. Ananiambia kwamba darasa lake lilisoma kisa cha Sultani Darai, kisha wanafunzi wakaulizwa wataje sifa za Paa. Nusu ya darasa ikajibu kwamba Paa ni mwaminifu, ikatoa ushahidi. Nusu ya pili ikashikilia kwamba Paa ni mwongo, nayo ikatoa ushahidi, tena kutoka kurasa zile zile. Mwalimu anauliza: hapo nani apewe alama?

Swali hilo si dogo hata kidogo. Kila mwaka maelfu ya wanafunzi huketi kufanya Karatasi ya Tatu ya Kiswahili, ile ya fasihi, na 'eleza sifa za mhusika' ni swali lisilozeeka. Lakini naona lina uzito hata nje ya chumba cha mtihani, na mwishoni nitasema kwa nini.

Tuanze na kisa chenyewe. Edward Steere alikipata Unguja na kukichapisha mwaka wa 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Waswahili, Kiswahili kikiwa upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Mwaka wa 1901 Andrew Lang alikitia katika mmoja wa mikusanyo yake ya ngano za watoto kule Uingereza. Kwa hivyo ni kisa kilichosafiri sana, ingawa kwetu wengi hukijua kwa kusikia tu.

Maskini mmoja, Hamdani, anaishi kwa kuchakura jaa akitafuta punje za mtama. Siku moja anaokota thumuni. Anapita mtu anayeuza paa, na Hamdani, badala ya kujinunulia chakula, ananunua paa mmoja. Watu wanamcheka: wewe huna cha kula, mnyama utamlisha nini? Hamdani hawajibu kwa maneno. Anarudi jaani, anachakura, anapata punje kidogo, anagawana na paa wake. Usiku wanalala pamoja.

Kumbe Paa anasema! Anaomba ruhusa awe anakwenda kujilisha mwituni na kurudi jioni, na kila jioni kweli anarudi. Siku moja anaokota almasi. Hampelekei bwana wake, kwani mtu wa jaani akionekana na almasi ataitwa mwizi. Anaipeleka kwa Sultani Darai na kuitoa kuwa zawadi ya posa, akisema ametumwa na bwana mkubwa anayetaka kumwoa binti yake. Sultani anakubali. Paa anamleta Hamdani njiani, anamficha akiwa hana nguo, kisha anakimbia kwa Sultani na kulia kwamba bwana wake amevamiwa na wanyang'anyi. Mavazi na farasi vinatolewa, na harusi inafanyika.

Bado nyumba. Paa anatoka tena, anaufikia mji wenye jumba la nyoka mwenye vichwa saba, anapigana naye na kumuua. Bi kizee aliyekuwa humo anabaki kuwa mtunzaji. Hamdani na mkewe wanahamia humo, katika utajiri usio na hesabu.

Hapo ndipo mambo yanapogeuka. Paa anaugua. Anamtuma bi kizee akamwambie bwana. Hamdani, aliyeketi juu na mkewe, anajibu kwamba apikiwe uji wa mtama. Bi kizee haamini masikio yake. Mke naye anashangaa, maana nyumba imejaa mchele. Hamdani hatetereki. Kwani nilimnunua kwa fedha ngapi? Si thumuni tu? Mke anatuma chakula kizuri kwa siri, lakini Paa amekwisha kuvunjika moyo, na anakufa. Hamdani anaamuru atupwe kisimani. Mke anampelekea baba yake habari. Sultani anakuja mwenyewe, mzoga unatolewa na kuzikwa kwa heshima na kilio. Usiku ule mke anaota yuko kwao, na kulipokucha yuko kwao kweli. Hamdani anaota yuko jaani akichakura. Anafumbua macho: yuko jaani, anachakura.

Mtama ule ule

Sasa tumsome Hamdani. Ukiulizwa sifa zake utakimbilia kusema 'mtovu wa shukrani', na hutakosea. Lakini ngoja kwanza. Ikiwa ni mhusika bapa, mwovu tangu mwanzo, tufanye nini na yule Hamdani wa jaani, aliyetoa thumuni yake ya pekee kumnunua kiumbe dhaifu, akavumilia kicheko cha watu na kugawana naye punje za mtama? Kitendo kile kilikuwa cha kweli. Hakuna mahali mtambaji anaposema alikuwa anajifanya.

Ustadi wa kisa hiki umo katika mtama. Mwanzoni Hamdani anampa Paa mtama. Mwishoni Hamdani anampa Paa mtama. Chakula ni kile kile, mkono ni ule ule, mpokeaji ni yule yule. Kilichobadilika ni kilichomo ghalani. Mtama wa jaani ulikuwa nusu ya vyote alivyokuwa navyo, na mtama wa jumbani ni makombo ya mtu mwenye mchele. Mtambaji hakuhitaji kusema 'Hamdani sasa amekuwa mchoyo'. Aliweka vitendo viwili vinavyofanana kwa sura, akatuachia sisi tuvipime uzito.

Tazama na ile kauli ya thumuni. Watu wa jaani waliomcheka ndio waliokuwa wakimhesabu Paa kwa bei. Hamdani ndiye peke yake aliyemwona kiumbe wa kukaa naye. Akiwa jumbani amehamia upande wa waliomcheka. Tena kwa muda wote huo, kisa kinatuonyesha, hakuwahi kumuuliza Paa nyumba hii imetoka wapi. Kutouliza nako ni kitendo. Katika ngano, jambo ambalo mhusika alipaswa kulifanya akaacha huwa na sauti kama lile alilolifanya.

Kumbe basi hukumu ya haki juu ya Hamdani ni hii: alijua kugawana umaskini, hakujua kugawana mali. Je, sentensi hiyo inaingia katika kivumishi kimoja? Haiingii. Na je, mtu wa namna hiyo ni bapa? Tunao wangapi mitaani!

Harusi si mwisho

Wananadharia wa ngano wamelijua hili la vitendo kwa muda mrefu. Aristotle, karne ya nne kabla ya Kristo, alisema tanzia ni uigaji wa tendo kabla ya kuwa uigaji wa watu, na kwamba tabia za wahusika huja kwa ajili ya tendo. Mrusi Vladimir Propp, katika kitabu chake cha 1928, alichambua ngano 100 za Kirusi akaona kwamba watu na wanyama hubadilika kutoka ngano moja hadi nyingine, lakini wanayoyatenda hujirudia. Akayahesabu matendo hayo, ambayo wahakiki wetu huyaita uamilifu, akapata 31. La mwisho kabisa ni harusi: shujaa anaoa na kutawazwa.

Lakini kisa chetu kinamsumbua Propp. Harusi ya Hamdani haiko mwisho, iko katikati. Ngano ya Kirusi ingefunga mlango hapo na watu wakaenda kulala. Mtambaji wa Unguja anaufungua mlango huo tena na kuuliza: haya, amekwisha oa, amekwisha shiba, sasa anatenda nini?

Linganisha na jamaa zake wa Ulaya. Mfaransa Charles Perrault mwaka wa 1697 alichapisha kisa cha paka aliyemtajirisha kijana maskini kwa hila kama za Paa: zawadi kwa mfalme, nguo zilizodaiwa kuibwa, jumba lililochukuliwa kutoka kwa zimwi. Kisa kinaishia kwa harusi, na paka anakuwa bwana mkubwa. Hatupewi nafasi ya kumjua yule kijana. Yeye ni mtu aliyebahatika, basi. Mwitaliano Giambattista Basile, katika karne hiyo hiyo ya 17 lakini mapema zaidi, alisimulia kwa namna nyingine: paka wake anajifanya amekufa ili ampime bwana aliyeahidi kumzika kwa heshima, na bwana anasema atupwe dirishani. Paka anainuka, anamtolea maneno makali na kwenda zake. Bwana anabaki na mali yake.

Katika jamaa hao watatu, kisa cha Unguja ndicho kikali kuliko vyote. Paa hajifanyi, anakufa kweli. Na mali nayo inaondoka, kwa sababu haikuwa ya Hamdani hata siku moja. Ilikuwa imesimama juu ya wema wa mwingine. Mhenga alisema tenda wema nenda zako. Kisa hiki kinaongeza kwamba aliyetendewa wema hana ruhusa ya kwenda zake.

Liongo wa Ozi

Wanafunzi wa Hewani hawana haja ya kusafiri hadi Unguja kutafuta mfano. Wakiufuata Mto Tana kuelekea baharini watafika Ozi, karibu na Kipini, mahali ambapo masimulizi yanasema ndiko alikozikwa Fumo Liongo. Steere aliichapisha habari yake katika mkusanyo ule ule wa 1870. Muhammad Kijumwa wa Lamu akaitungia utenzi mwaka wa 1913, nao ndio unaosomwa zaidi hadi leo.

Kisa cha Liongo kimejaa vitendo vinavyofichua watu. Chukua wale askari waliomlinda gerezani. Kila siku mama yake alimpelekea chakula, na kila siku walikipokonya kile kizuri wakala wao. Liongo akaimba wimbo wenye mafumbo, kijakazi akauelewa, na mkate wa makapi ukaokwa ukiwa na tupa ndani yake. Askari wakala vyakula vitamu na kumrushia mfungwa makapi. Kwa tupa ile Liongo akakata pingu zake. Mtambaji hatuambii kwamba askari walikuwa walafi na wenye dharau. Anaufanya ulafi wao uwe ufunguo wa gereza. Wangekuwa na utu kidogo tu, wakamwachia mfungwa chakula chake, hila isingefaulu! Hapo tabia na msuko wa kisa vimeshonwa kwa uzi mmoja.

Au chukua mtego wa mkoma, mti ambao mtu wa Tana Delta hahitaji kuelezwa. Maadui walipatana kwamba kila mtu apande kwa zamu yake kuangua makoma, na zamu ya Liongo ikifika wamfume mishale akiwa juu. Zamu ikafika. Liongo akabaki chini, akatoa upinde wake na kuyaangusha makoma kwa mishale. Kwa kitendo kimoja tumejua mambo mawili: kwamba ana shabaha, na kwamba anajua anaishi na watu wa aina gani.

Kisha mwana. Kijana yule anaahidiwa malipo makubwa, anakwenda kwa baba yake, anakaa naye, anamuuliza ni kitu gani kinachoweza kumuua. Baba anamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Katika usimulizi wa utenzi, baba anaingiwa na shaka kwamba mwanawe ametumwa, na bado anamwambia. Kijana anangoja baba alale. Kikulacho ki nguoni mwako, walinena wa kale, na hapa nguo yenyewe ni damu.

Liongo anaamka na maumivu, anachukua upinde na mishale, anakwenda hadi karibu na visima, anapiga goti, anapachika mshale na kufa akiwa katika hali hiyo. Watu wanamwona kwa mbali wanadhani yu hai. Siku zinapita hakuna anayethubutu kuchota maji. Hadi mama yake anaombwa aende kumbembeleza mwanawe, na maiti inapoanguka ndipo mji unajua kwamba ulikuwa ukimwogopa mfu. Tendo la mwisho la Liongo linamfichua yeye, kwamba hakukubali kufa amelala. Linawafichua na wale waliompangia kifo: hawakuwa na ujasiri wa kumkaribia hata baada ya kumuua.

Kitendo hakisemi peke yake

Turudi kwa mwalimu wetu. Paa alisema uongo? Alisema, tena mara kadhaa. Hakukuwa na bwana mkubwa wala wanyang'anyi. Basi wanafunzi wa nusu ya pili wameona sawa. Walipokosea ni kudhani kwamba kuona kitendo ni sawa na kukisoma. Kwa maoni yangu, kabla ya kumpa mhusika sifa, kitendo chake kipitishwe katika maswali manne.

La kwanza: kilimfaa nani? Kila uongo wa Paa unaishia kumnufaisha Hamdani. Paa mwenyewe hapati hata zizi. La pili: nani alikilipia? Paa analipa kwa miguu yake, kwa hatari ya nyoka na hatimaye kwa uhai wake. Mwana wa Liongo naye alitumia hila, lakini aliyelipa ni baba. La tatu: kilitendwa wakati gani, kabla au baada ya mtenda kupata uwezo? Hapa ndipo Hamdani anapoanguka. La nne: kimerudiwa? Jioni moja ya kurudi nyumbani haitoshi kumwita mtu mwaminifu. Paa alirudi kila jioni, ingawa mwitu ulikuwa wazi na hakufungwa kamba.

Ukiyapitisha maswali hayo, jibu linakuja lenyewe: Paa ni mwaminifu anayetumia uongo kuwa chombo cha uaminifu wake. Nusu ya kwanza ipewe alama zake. Nusu ya pili ipewe alama pia endapo itaongeza sentensi moja ya kueleza uongo ule ni wa nini. Asiye na alama ni yule aliyeandika 'mwaminifu' au 'mwongo' kwa kuwa alilikariri neno, asiweze kuonyesha mkono uliotenda.

Hata hivyo, kuna tahadhari ambayo wapenzi wa hoja hii ya vitendo huisahau, nayo ni kwamba matendo huchaguliwa. Habari za Liongo alizochapisha Steere zinaanza kwa kusema kwamba alikuwa na nguvu nyingi na aliwaonea watu sana, hadi wakapanga kumkamata. Katika utenzi wa Kijumwa, Liongo ni jabali mtukufu anayehusudiwa na mtawala wa Pate. Mtu ni mmoja. Mkate, tupa, mkoma, sindano na kisima vimo. Lakini ukianza na maonevu, wafungaji wake wanakuwa watu waliochoka kuonewa. Ukianza na husuda, wanakuwa wauaji. Mtambaji anayejinasibu kwamba haweki maoni yake, ati anasimulia matendo tu, ndiye wa kumtazama kwa makini zaidi. Amekwisha kuweka maoni yake pale alipochagua aanzie wapi.

Kisha ngano zenyewe hazina usafi wa malaika. Zina mama wa kambo ambaye tunamshuku kabla hajafungua kinywa. Zina bi kizee wa pembeni mwa mwitu ambaye lazima awe mchawi. Hapo ngano inavunja kanuni yake yenyewe: inabandika sifa kwanza, inatafuta kitendo baadaye. Ndiyo maana nampenda sana bi kizee wa jumba la nyoka katika kisa cha Sultani Darai. Tunatarajia awe na hila, maana ameishi na joka. Lakini ndiye anayepanda na kushuka ngazi akimwombea Paa mgonjwa. Kwa safari zile za ngazi ameivunja dhana tuliyokuja nayo.

Zipo pia ngano nyingi za Afrika Mashariki zinazotufunza kutilia shaka sura. Msichana anawakataa wachumba wote, kisha anampenda kijana mgeni mwenye umbo la kuvutia. Njiani mambo madogo yanaanza kujitokeza: chakula hiki hali, njia hii haijui mtu mwingine, nyumba hii haina jirani. Sura ilisema mchumba. Vitendo vinasema zimwi. Mara nyingi anayeviona vitendo hivyo mapema ni mdogo wa msichana, yule aliyefukuzwa arudi nyumbani akakataa. Mtambaji amemweka mtoto pale kusudi. Mtoto bado hajajifunza kuamini sifa kuliko macho yake.

Kwa nini ni muhimu

Nilisema swali la Hewani lina uzito nje ya chumba cha mtihani. Hewani iko katika nchi ya mto, ambako wakulima wa Kipokomo na wafugaji wa Kiorma wameishi jirani kwa vizazi, wakigawana maji yale yale. Ni nchi iliyoshuhudia pia machafuko ya mwaka wa 2012 hadi mwanzoni mwa 2013, yaliyoua watu zaidi ya 100 katika Tana Delta, wake kwa watoto. Sababu zake ni nyingi, za ardhi, malisho, maji na siasa, na safu ya lugha haina uwezo wa kuzimaliza. Lakini jambo moja linaihusu safu hii. Katika siku kama zile mtu huhukumiwa kwa jina la kabila lake. Haulizwi alitenda nini. Sifa imetangulia, imebandikwa, na kitendo hakitafutwi tena.

Nje ya Tana mambo ni hayo hayo. Msimu wa kampeni kila mgombea hujipa vivumishi: mchapa kazi, mtetezi wa wanyonge, mtu wa watu. Vyombo vya habari huvirudia na sisi huviimba. Tungekuwa tumesoma vizuri kisa cha Hamdani, tungeuliza: alipokuwa hana kitu aligawana nini, na alipopata aligawana nini? Mtama wake wa leo ni wa jaani au ni wa jumbani?

Kwa hivyo nawaomba walimu wenzangu wabadilishe mpangilio wa swali. Badala ya 'taja sifa tano za mhusika', waanze na 'mhusika alitenda nini, kwa nani, akiwa katika hali gani', kisha sifa iwe hitimisho. Badiliko hilo haligharimu hata kitabu kimoja kipya. Litawachosha wanafunzi kidogo, hasa wale waliozoea orodha za kukariri, na litamchosha msahihishaji pia, maana atalazimika kusoma sentensi nzima. Lakini mtoto aliyefunzwa hivyo atakuwa na mazoea ya kuchelewa kumhukumu mtu, na akishahukumu atakuwa na ushahidi.

Ngano zetu zimefanya kazi hiyo karne nyingi bila karatasi wala kalamu. Zimetupa paa mwongo aliye mwaminifu, maskini mkarimu aliyegeuka tajiri mchoyo, mwana aliyekaa miguuni pa baba yake huku amebeba sindano. Tukiwaita wote bapa, huenda ubapa umo katika usomaji wetu.